Simu iliyolala kituoni

Wasomaji, leo nilipanga kuendelea na mambo ya hifadhidata. Itabidi yangoje.

Usiku wa kuamkia tarehe 2 Machi 2006, polisi waliofunika nyuso walivamia gazeti la Standard na kituo cha KTN hapa Nairobi. Walichoma magazeti, wakazima matangazo, wakabeba kompyuta. Waziri wa usalama wa ndani wakati huo, marehemu John Michuki, akasema ukimchokoza nyoka uwe tayari kuumwa. Nilikuwa shule ya msingi. Wengi wanamkumbuka huyo nyoka. Mimi, kwa kazi yangu, nawaza zile kompyuta. Gazeti huchapwa tena, lakini kompyuta ya mwandishi ina majina ya watu waliomwamini.

Mei 2025 polisi waliwakamata watengenezaji filamu wanne, wakiwahusisha na filamu ya BBC kuhusu waandamanaji waliouawa nje ya Bunge Juni 2024. BBC ilisema hawakuhusika. Waliachiliwa kesho yake, simu zikabaki hadi Julai. Baadaye watafiti wa Citizen Lab, Chuo Kikuu cha Toronto, walikuta programu ya ujasusi ya FlexiSPY katika simu mbili. Walisema iliwekwa zikiwa mikononi mwa polisi.

Wenzangu wa kompyuta husema, si wangetumia Signal tu? Jamani! Signal hufunga ujumbe ukiwa njiani. Programu kama hii hukaa ndani ya simu yenyewe, inasoma unachoandika kabla hakijafungwa, inajua ulipo, inaweza hata kuwasha maikrofoni. Kwangu mimi hii ni mbaya kuliko kuchoma magazeti. Moshi ule nchi nzima iliuona. Hapa unarudishiwa simu yako, unashukuru, kisha unampigia yule karani aliyekupa hati za siri.

Kwa hiyo ushauri wangu ni mmoja: simu iliyolala kituoni usiitumie tena kwa kazi, hata ukiifuta yote. Mpelekee fundi unayemwamini aichunguze.

Nilimwambia hivyo mwandishi mmoja wa kujitegemea ninayemfahamu. Anatumia simu moja kwa kila kitu, M-Pesa, picha, rekodi za mahojiano. Alicheka. "Ndugu yangu, hii yenyewe bado nailipia kidogo kidogo kila siku."