Morphy Sawa, Lakini Mwalimu Je?

Waulizeni wachezaji wa sataranji ni nani aliyekuwa bingwa wa mabingwa katika karne ya 19. Wengi watawajibu upesi: Paul Morphy wa Marekani. Mimi nasema hapana. Nampigia kura mwalimu wa hesabu.

Mwalimu huyo ni Adolf Anderssen, mzaliwa wa Breslau, mji ambao siku hizi ni Wrocław nchini Poland. Alifundisha hesabu na Kijerumani katika shule ya upili. Mwaka wa 1851 alisafiri hadi London kwenye mashindano makubwa ya kwanza ya kimataifa. Wachezaji walikuwa 16. Mwalimu akawashinda wote aliopangiwa, hata Howard Staunton aliyekuwa mwenyeji.

Huko huko London, nje ya mashindano, alicheza na Lionel Kieseritzky mchezo ambao bado unasimuliwa. Alimwachia mwenzake askofu, akamwachia ngome zote mbili, kisha akamwachia na malkia. Lo! Ungekuwapo ungedhani hesabu zimempanda kichwani. Kumbe askofu mmoja na farasi wawili waliobaki walitosha kumfungia mfalme wa watu asiwe na pa kutorokea.

Sasa najua mtaniuliza habari za Paris. Sizifichi. Desemba 1858, wakati wa likizo, Anderssen alimfuata Morphy huko, kijana wa miaka 21 tu. Walicheza michezo 11. Mwalimu alishinda 2, wakatoka sare 2, akachapwa 7. Inasemekana alipoulizwa mbona hakucheza kwa madoido yake ya kawaida, alijibu kwamba Morphy hamruhusu.

Lakini tutazame yaliyofuata. Morphy alirudi kwao mwaka wa 1859 akaacha karibu kabisa kucheza kwa dhati. Alijaribu uwakili, haukumwendea vyema, akafariki mwaka wa 1884 akiwa na miaka 47. Simcheki, maskini, nasikitika kwamba kipawa kile tulikionja kidogo tu.

Mwalimu naye alirudi darasani kushika chaki, na ubao wa sataranji hakuuweka kabatini. Asiyekubali kushindwa si mshindani, nasi hapa shuleni tunao wenzetu ambao wakifungwa mara moja kwenye raundi ya kwanza hawaonekani tena chamani. Tunawasifia Morphy kila siku, mtu ambaye hakuwahi kupata kichapo cha kumrudisha nyuma. Atawafaa nini hao?

Mwaka wa 1862 Anderssen alikuwa wa kwanza tena London. Mwaka wa 1866 Wilhelm Steinitz alimshinda 8 kwa 6. Basi, mngesema, mzee apumzike. Aa wapi! Mwaka wa 1870, huko Baden-Baden, akiwa na miaka 52, alichukua nafasi ya kwanza, na wa pili alikuwa Steinitz huyo huyo.

Anayebisha anijibu katika toleo lijalo, au aje na kete zake.