Chura wa Kihansi Darasani

Wanachuo wengi, waendapo kwenye mazoezi ya kufundisha, hufundisha hifadhi ya viumbe kwa kukaririsha kwamba wanyama ni utajiri wa taifa. Sisi twaona kukariri huko hakumfunzi mtoto jinsi nchi inavyofikia uamuzi. Afadhali apewe kisa cha Kihansi.

Katika korongo la mto huo, kwenye milima ya Udzungwa, mwaka 1996 aligunduliwa chura mdogo wa manjano, azaaye watoto badala ya kutaga mayai, aishiye penye manyunyu ya maporomoko tu. Ujenzi wa bwawa la umeme ulikuwa umekwisha kuanza. Mwaka 2000 maji yalielekezwa kwenye mitambo, manyunyu yakapungua mno. Wanaekolojia walieleza uhusiano wa maporomoko na chura; yakafungwa mabomba ya kunyunyiza maji, na vyura wapatao 500 wakapelekwa Marekani kutunzwa. Mwaka 2009 chura huyo alitangazwa kuwa ametoweka porini. Mwaka 2012 wakaanza kurudishwa.

Je, umeme usingezalishwa? Mwulize mwanafunzi wa darasa la sita, wala usimjibie haraka. (Wako watakaocheka kwamba chura si kitu, waache waseme.) Kisha uliza: maji kiasi gani yaachwe mtoni? Nani ayapime, na lini, kabla ya bwawa au baada yake? Swali hili la mwisho twalithamini kuliko yote, maana Kihansi utafiti ulichelewa. Shule isiyo na mto ianze na kidimbwi chochote: watoto wahesabu vyura kila juma, waandike, kisha waipelekee kamati ya shule hesabu yao kabla kidimbwi hakijafukiwa.