Karamu ya Wagohu

Wasomaji wengi mmepata kuhudhuria tafrija za vyama, ambako mwanachama hulipa ada, hupewa stakabadhi, kisha hukaribishwa mezani. Leo napenda kuwakumbusha juu ya chama kimoja cha wazee wa Kigiriama ambacho karamu yenyewe ndiyo ilikuwa ada, na karamu hiyo hiyo ndiyo stakabadhi.

Chama hicho ni Gohu. Hakuingia humo ila mwanamume aliyejaliwa mali, maana mwenye kuomba kiti alipaswa kuwalisha waliomtangulia, na kuwanywesha tembo la mnazi hadi waridhike. Mgeni angedhani huo ni ulafi wa wazee. Sivyo hata kidogo. Katika nchi isiyokuwa na daftari wala hati, aliyekula na kunywa penye shughuli alikuwa shahidi wake. Hata minazi iliuzwa kwa desturi hiyo. Tena, mla cha mwenziwe na chake huliwa: hapana aliyeketi katika karamu ile asiyekuwa amekwisha kutoa ya kwake.

Wala mauti hayakumtoa mtu chamani. Mgohu alipokufa, alisimamishiwa kigango, yaani ubao wa mti mgumu uliochongwa kwa mfano wa mtu na kutiwa nakshi za pembetatu. Asiyekuwa Mgohu aliwekewa koma tu, kijiti kisicho na nakshi. Penye kigango marehemu alimiminiwa tembo na kupewa chakula, naye akahesabiwa bado yu pamoja na wenziwe. Hata mji ulipohama, kigango hakikung'olewa.

Basi fikirini ubaya wa aking'oaye usiku! Tangu miaka ya 1970 vigango vingi viliibwa, vikauzwa ng'ambo. Na wezi wengine walikuwa vijana wetu wenyewe, waliowauza babu zao kwa fedha kidogo.

Mwaka 2007 vigango viwili vya ndugu wawili, vilivyoibwa mwaka 1985, vilirudishwa kutoka Marekani na kukabidhiwa jamaa zao. Mwaka 2019 vilirudi vingine 30 vilivyokuwa katika makumbusho ya Denver. Lakini hivyo havikuweza kupelekwa moja kwa moja kwa wenyewe, kwa kuwa haikujulikana kila kimoja kilitoka mji gani. Tofauti ilikuwa nini? Vile viwili vilikuwa vimepigwa picha vikiwa bado mahali pake, na mwenyewe amesimama kando.

Ndugu zangu mliosoma, funzo ni wazi. Mashahidi waliokula karamu zile wanazidi kupungua, na wakiisha, ushahidi wao utazikwa nao. Mwendeeni mzee aliye hai, mkaandike kigango hiki ni cha nani, kimesimama wapi, na nani alikisimamisha. Pigeni na picha. Karatasi hiyo msiitangaze ovyo, isije ikawa ramani ya wezi. Iwekeni kwa wazee na kwa watu wa Makumbusho, ambao sheria ya mwaka 2006 imewapa kazi ya kulinda urithi wetu.

Babu zetu walitumia karamu badala ya kalamu. Sisi kalamu tunayo, tusiwanyime.