Barua ya Mwenyekiti Haipimi Presha

Jamani, kwa Waluguru ukoo na ardhi hufuata upande wa mama. Lakini mama huyo huyo akishuka mlimani na mimba yake, zipo kliniki atakazoulizwa: "Mumeo yuko wapi? Huna? Kalete barua ya mwenyekiti wa kijiji!"

Watasema baba naye apimwe Ukimwi. Sawa, aitwe. Asipokuja, mjamzito arudi bila kupimwa presha wala damu? Maadili ya tiba yanadai mgonjwa aheshimiwe, afaidike, asidhuriwe, atendewe haki. Barua inatimiza lipi hapo?

Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikadiria vifo vya uzazi 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Anayefukuzwa leo huenda asirudi kesho. Mwili ni wake, aulizwe yeye!