Tusiwapime vijana kwa mabao pekee

Siku chache zilizopita nilikuwa Garsen, nikizungumza na walimu na wanafunzi wa shule moja iliyo karibu na mto. Mazungumzo yetu yalianzia kwenye lugha, maana hiyo ndiyo kazi yangu, yakaishia kwenye michezo, maana hayo ndiyo mapenzi ya vijana. Nikawatajia Rees Odhiambo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1992, akakulia Marekani, hatimaye akaingia katika timu ya kulipwa ya kandanda ya Kimarekani. Mwanafunzi mmoja akainua mkono na kuuliza: “Mwalimu, alifunga mabao mangapi?” Nikamjibu kwamba hakufunga hata moja. Darasa zima likaangua kicheko.

Kicheko kile hakikuniudhi, ila kilinifikirisha njia nzima ya kurudi nyumbani. Hao vijana walicheka kwa sababu sisi wakubwa ndio tuliowafundisha kwamba mchezaji asiye na bao hana alichofanya, kama vile mwanafunzi asiye na alama nyingi alivyo si kitu. Dai langu leo ni kwamba funzo hilo ni la makosa. Ziko kazi ambazo uzuri wake ni kutotokea kwa jambo baya, na anayezifanya hawezi kupimwa kwa kuhesabu. Yeye hupimwa na mtu aliyekaa, akatazama, na akajua anachokitazama.

Kwanza nieleze mchezo wenyewe, kwa faida ya wasioujua. Katika kandanda ya Kimarekani kila timu huwa na wachezaji 11 uwanjani. Watano wa upande wenye mpira husimama mstari wa mbele, bega kwa bega, wakikabiliana ana kwa ana na wapinzani. Kanuni, isipokuwa katika hali maalumu, haziwaruhusu kudaka mpira unaorushwa mbele. Kazi yao ni mbili: kumkinga mrushaji, ambaye ndiye kiongozi wa mashambulizi, asiangushwe kabla hajautoa mpira, na kumfungulia njia mwenzao anayekimbia na mpira mkononi. Kiswahili bado hakijampa mchezaji wa aina hii jina lililozoeleka. Kwa leo nitamwita mkingaji, maana kukinga ndiko kazi yake.

Maisha ya mkingaji yana dhuluma yake. Akimshika mpinzani isivyo halali, mwamuzi hulitangaza kosa hilo kwa kipaza sauti, akaitaja nambari yake mbele ya maelfu ya watu, na timu yake ikarudishwa nyuma yadi 10. Lakini akicheza mechi nzima bila kosa, hatajwi na yeyote. Sifa zote humwendea mrushaji aliyekuwa na nafasi ya kurusha, na mkimbiaji aliyekuwa na njia ya kupita.

Wakulima wa mpunga katika delta ya Tana hawana haja ya kwenda Marekani ili walielewe jambo hili. Mto ulipofurika mwishoni mwa mwaka 2023, na tena mwezi wa Aprili na Mei mwaka 2024, kila tuta lililobomoka lilitajwa na kulaaniwa. Tuta lililosimama imara, likaizuia maji isiingie shambani, nani aliyelisifu? Mkingaji ni tuta. Hujulikana siku anaposhindwa.

Je, timu za kulipwa humpimaje mtu wa namna hiyo kabla ya kumwajiri? Kila mwaka vijana wanaotoka vyuoni hukusanywa mjini Indianapolis, wakapimwa kimo, uzito, urefu wa mikono na upana wa viganja. Hukimbizwa mbio za yadi 40 na kuinulishwa chuma cha ratili 225, yaani takriban kilo 102, mara nyingi wawezavyo. Hupimwa afya na kuhojiwa. Kisha huja siku ya uteuzi, ambapo timu 32 huchagua kwa zamu katika duru 7.

Hata hivyo, watathmini wenye ujuzi watakwambia kwamba vipimo hivyo ni mlango tu, wala si nyumba. Kazi kubwa hufanywa mbele ya picha za mechi. Mtathmini hukaa na kuitazama mechi moja mara nyingi, na kila mara huyaondoa macho yake kwenye mpira, akamfuata mchezaji mmoja tu. Hutazama anavyoiweka miguu yake, anavyoitumia mikono yake, anavyofanya mpinzani anapobadili njia ghafla, na anavyomsaidia jirani yake aliyezidiwa. Hutazama pia dakika za mwisho, mwili ulipochoka, maana hapo ndipo tabia ya mtu hujitokeza. Kuyaondoa macho kwenye mpira ni jambo gumu, kwa kuwa uwanja mzima unautazama. Lakini asiyeweza kufanya hivyo hawezi kumtathmini mkingaji.

Tumrejee Odhiambo. Alisoma na kucheza katika Chuo Kikuu cha Boise State, jimbo la Idaho. Mwili alikuwa nao: futi 6 na inchi 4, na uzito uliozidi kilo 140. Doa lake lilikuwa majeraha, maana chuoni hakuwahi kuucheza msimu mzima bila kukatizwa. Wapo waliomwona kuwa ni hatari kumchukua. Timu ya Seattle Seahawks iliyaona majeraha hayo, ikaiona na kazi yake, ikaamua kwamba kazi inazidi. Mwaka 2016 ilimteua katika duru ya tatu, akiwa mtu wa 97 kuitwa.

Msimu wa kwanza alikuwa zaidi mchezaji wa akiba. Watathmini wengi walimwona kuwa anafaa zaidi kukinga upande wa ndani, karibu na katikati, ambako nguvu hutangulia wepesi. Lakini mwezi wa Agosti mwaka 2017 George Fant, aliyekuwa akikinga pembeni kushoto, aliumia goti na msimu wake ukaishia hapo. Odhiambo akapelekwa kuiziba nafasi hiyo, ambayo ni ngumu kuliko zote katika mstari ule, kwa sababu ndiyo inayolinda mgongo wa mrushaji anayetumia mkono wa kulia. Alianza katika mechi 7 za kwanza za msimu. Baada ya mechi dhidi ya Indianapolis Colts alilazwa hospitalini kwa maumivu ya kifua, na wiki iliyofuata akarudi uwanjani. Watazamaji waliyahesabu makosa yake moja moja. Mwishoni mwa Oktoba timu ilimleta Duane Brown kutoka Houston, mkingaji mzoefu, na mwezi wa Septemba mwaka 2018 Seattle ikaachana na Odhiambo.

Je, tuseme alishindwa? Mwenye kutazama matokeo pekee atasema hivyo, na hatakuwa amesema uongo. Alipewa nafasi, nafasi ikamwelemea, akaondolewa. Katika michezo ya kulipwa hakuna huruma kwa hilo. Lakini mtathmini mwadilifu ataongeza maswali mawili. La kwanza: alipimwa kwa kazi aliyoajiriwa kuifanya, au kwa kazi aliyosukumiwa siku ya dharura? La pili: wenzake wanne katika mstari ule walikuwa katika hali gani? Mkingaji hafanyi kazi peke yake. Jirani yake akichelewa kidogo tu, yeye ndiye anayeonekana amepitwa. Kumpima mmoja bila kuwatazama wanne ni sawa na kuulaumu mfiko mmoja kwa kuporomoka kwa paa zima.

Wanaojua habari za michezo watanikumbusha majina mengine ya Afrika Mashariki. Yupo Mathias Kiwanuka, mjukuu wa Benedicto Kiwanuka wa Uganda, aliyeteuliwa na New York Giants katika duru ya kwanza mwaka 2006. Huyo alicheza upande wa kushambulia warushaji, na kila aliyemwangusha alihesabiwa kwa jina lake. Yupo pia Daniel Adongo wa Kenya, mchezaji wa raga aliyechukuliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013 ilhali hajawahi kuucheza mchezo ule, kwa sababu ya kimo chake, mbio zake na nguvu zake. Alicheza mechi chache tu. Habari zao zinatuonyesha ncha mbili za tatizo letu: mmoja alikuwa na kazi inayohesabika, wa pili alikuwa na mwili unaopimika. Odhiambo yuko katikati, mahali ambapo hesabu haifiki na kipimo hakitoshi.

Sasa nirudi Garsen, maana sikuandika haya ili tuwe mashabiki wa timu za Marekani. Mfumo wetu wa elimu ya umilisi umeweka njia tatu katika shule za sekondari pevu, na mojawapo ni Sanaa na Sayansi ya Michezo. Alama anazopewa mtoto na walimu wake shuleni zinaingia katika hesabu ya kumpeleka mbele. Maana yake ni kwamba mwalimu wa Garsen, wa Hola au wa Kipini amekabidhiwa kazi ileile ya mtathmini: kumtazama kijana na kusema ana nini na anafaa wapi. Akiutazama mpira tu, atawaandika wafungaji, na waliobaki watakuwa kundi la majina yasiyo na maelezo.

Wala si michezo peke yake. Katika kila darasa yumo msichana anayewaelewesha wenzake hesabu jioni, na matokeo yakija wao hupanda naye hubaki palepale. Yumo mvulana ambaye akiwapo hapatokei ugomvi, na hakuna safu ya kutokuwapo kwa ugomvi katika ripoti ya muhula. Hao ndio wakingaji wetu. Tukiwaambia kwa miaka yote ya shule kwamba hawana bao, mwishowe watatuamini.

Watu wa Tana River wanapaswa kuwa wa kwanza kulielewa hili. Kenya ilipojiandaa kwa uhuru mwaka 1963, kamati ya watu watano iliyotunga wimbo wa taifa ilichukua sauti ya wimbo wa Kipokomo wa kubembelezea watoto, uliotolewa na Meza Moroa Galana. Leo wanariadha wetu wanaposimama jukwaani na medali shingoni, dunia nzima husikia sauti iliyotoka kando ya mto huu. Akina mama waliokuwa wakiibembelezea watoto hawakuhesabiwa na yeyote, lakini bila wao tungekuwa tunaimba kitu kingine.

Najua pingamizi nitakayoletewa, nayo ni nzito. Mwalimu mmoja aliniambia palepale: “Daktari, nambari haina ndugu. Nikimchagua mtoto kwa alama 70 hakuna wa kunishika shati. Nikimchagua kwa kuwa ‘nimemwona’, mzazi wa Kiorma atauliza kwa nini ni Mpokomo, na wa Kipokomo atauliza kwa nini ni Mwardei.” Katika kaunti iliyoonja uchungu wa mapigano ya mwaka 2012, maneno hayo si mzaha. Nambari ni ngao ya mwalimu na ya mtoto pia, na mtu asiyesema hivyo haijui Tana River.

Lakini dawa ya upendeleo si kufumba macho. Dawa yake ni kuona na kuandika ulichokiona, kwa namna ambayo mwingine anaweza kwenda kukihakiki. Mtathmini wa timu ya kulipwa hasemi “nampenda huyu”. Husema: katika mechi fulani, kipindi cha tatu, alifanya hivi mara tatu, akakosea hivi mara moja. Mwenzake huitazama picha ileile na kumkubalia au kumpinga. Ndivyo na sisi tufanye. Mwalimu asiandike “ana bidii”, maneno ambayo tumeyatumia mpaka yamechujuka. Aandike siku, kazi na kitendo. Walimu wawili wamtazame mtoto mmoja kila mmoja kwa wakati wake, kisha walinganishe. Mtoto ahamishwe kutoka nafasi moja hadi nyingine kabla ya kuhukumiwa, asije akahukumiwa kwa nafasi isiyomfaa. Na mzazi akija kuuliza, aonyeshwe daftari. Nambari ibaki, ila isiachwe iseme peke yake.

Nanyi wanafunzi, nina neno. Wahenga walisema kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Mkiwa na mwenzenu anayewafungulia njia, mtajeni. Mfungaji anayemtaja aliyemkinga hapunguzi bao lake, bali humsaidia mwalimu kuona lisiloonekana kwa urahisi.

Yule mwanafunzi aliyeniuliza habari ya mabao alinifuata nje baada ya kipindi. Akaniambia kwamba yeye hucheza beki, na kwamba katika mashindano yaliyopita shule yao haikufungwa hata mara moja. Nikamwuliza jina lake liliandikwa wapi. Akatabasamu, akasema halikuandikwa popote. Mwalimu wake wa michezo alikuwa amesimama kando akisikia. Sikuongeza neno, maana aliyepaswa kulisikia alikuwa amekwisha kulisikia.