Sekunde tatu za ukimya: funzo la London kwa walimu

Mwalimu anapouliza swali darasani, husubiri muda gani kabla ya kumtaja mwanafunzi wa kujibu, au kulijibu yeye mwenyewe?

Katika miaka ya 1970 mtafiti wa Kimarekani, Mary Budd Rowe, alisikiliza kanda za vipindi vya sayansi na kubaini kuwa muda huo ulikuwa wastani wa sekunde moja tu. Walimu walipojizoeza kungoja sekunde tatu au zaidi, majibu ya wanafunzi yalirefuka, na waliozoea kunyamaza wakaanza kusema.

Mambo madogo ya aina hiyo ndiyo yaliyojadiliwa kwa kina jijini London tangu mwaka 1998. Mwaka huo wasomi wawili wa chuo cha King's College London, Paul Black na Dylan Wiliam, walichapisha tathmini yao ya tafiti zipatazo 250. Hoja yao ilikuwa kwamba serikali hubadili mitaala, mitihani na ukaguzi, lakini darasa lenyewe hulichukulia kama sanduku lililofungwa. Kinachomwinua mwanafunzi, hasa aliye dhaifu, ni mwalimu kujua kila siku nani ameelewa na nani hajaelewa, kisha kubadili somo lake kulingana na hali hiyo.

Mwaka 1999 mawazo hayo yalianza kufanyiwa majaribio na walimu 24 wa hisabati na sayansi katika shule sita za Medway na Oxfordshire, nje ya London. Walimu hao hawakupewa kitabu cha maagizo. Walipewa kanuni chache, wakaachiwa wabuni mbinu zao wenyewe na kukutana mara kwa mara kuzungumzia yaliyowafaa na yaliyowashinda.

Mikono chini

Mbinu iliyovuma zaidi ni kuwakataza wanafunzi kunyoosha mikono, isipokuwa wanapotaka kuuliza. Mwalimu huandika majina ya wote juu ya vijiti, akachomoa kimoja bila kuchagua.

Sababu yake ni rahisi. Darasani huwapo watano au sita wanaojibu kila swali, na mwalimu hudhani darasa zima linamfuata. Mtoto aliyewasili London karibuni kutoka Mogadishu, Goma au Mombasa, ambaye Kiingereza bado kinamtatiza, anaweza kujificha nyuma ya mikono ya wenzake mwaka mzima pasipo mtu kutambua.

Kijiti peke yake, hata hivyo, kinaweza kumwaibisha mtoto huyo. Ndiyo maana walimu wazoefu huwaacha kwanza wanafunzi wajadiliane wawili wawili, hata kwa lugha ya nyumbani, ndipo wachomoe jina.

Mbinu nyingine ni ubao mdogo mweupe ambao kila mwanafunzi huandika jibu lake na kuuinua, mwalimu akawaona wote kwa mtazamo mmoja. Wasomaji wa pwani watatabasamu hapa. Katika vyuo vya Kurani kila mtoto alikuwa na ubao wake, na kila mmoja alimsomea mwalimu kwa zamu. Hapakuwa na njia ya kujificha.

Lililozua ubishi mkubwa ni usahihishaji. Utafiti wa Ruth Butler nchini Israel, uliochapishwa mwaka 1988, ulionyesha kuwa wanafunzi walioandikiwa maelezo tu waliendelea vizuri, ilhali waliopewa alama pamoja na maelezo hawakufaidika: macho yao yaliishia kwenye alama. Kumweleza hivyo mzazi aliyekulia katika desturi ya kuuliza "umekuwa wa ngapi?" si kazi nyepesi, iwe Nairobi au Newham.

Shule kusaidiana

Mbinu huenea vipi kutoka darasa moja hadi jingine? Hapo ndipo London ina hadithi ya pekee.

Mwaka 1997 wilaya ya Tower Hamlets, mashariki mwa jiji, ilikuwa ya mwisho katika orodha ya mamlaka 149 za elimu za England. Shule za sekondari za London kwa jumla zilikuwa nyuma ya wastani wa taifa. Mwaka 2003 serikali ya Tony Blair ilianzisha mpango uliojulikana kama London Challenge, na Tim Brighouse, aliyefariki dunia Desemba 2023, akateuliwa kuwa kamishna wa shule za jiji hilo.

Shule dhaifu kabisa hazikuitwa shule zilizofeli, bali "Funguo za Mafanikio". Zilipatiwa washauri wazoefu, na walimu wao wakapelekwa katika shule zilizofanya vyema kutazama wenzao wakifundisha, kisha kurudi na kujaribu. Ulipomalizika mwaka 2011, London ilikuwa imeupita wastani wa taifa.

Wachambuzi hawakubaliani juu ya sababu. Uchunguzi wa Simon Burgess wa Chuo Kikuu cha Bristol, mwaka 2014, uliwataja watoto wa wahamiaji wenye ari kubwa ya kusoma. Wengine wanasema mafanikio yalianzia shule za msingi, kabla ya mpango huo. Pengine kila upande una sehemu ya ukweli. Lakini Tower Hamlets ya mwaka 1997 nayo ilikuwa na wahamiaji wengi, na bado ilishika mkia.

Nayo mawazo ya Black na Wiliam yalipochukuliwa na serikali kuwa sera ya taifa mwaka 2008, katika shule nyingi yaligeuka majedwali ya kufuatilia alama, kinyume kabisa cha yaliyokusudiwa. Wiliam mwenyewe amesema hadharani kuwa kuyaita "tathmini" lilikuwa kosa.

Nani alipe?

Afrika Mashariki, elimu ya msingi bila ada iliyoanza Uganda mwaka 1997, Tanzania mwaka 2002 na Kenya mwaka 2003 ilijaza madarasa kupita kiasi. England, sheria ya mwaka 1998 iliweka kikomo cha watoto 30 kwa darasa la walio na umri wa miaka mitano hadi saba. Mwenye wanafunzi 90 hawezi kuandika maelezo katika kila daftari. Anaweza, lakini, kungoja sekunde tatu.

Kikwazo kikubwa zaidi ni muda na fedha. Tangu Septemba 2005 mwalimu wa shule za serikali England ana haki ya kutengewa asilimia 10 ya vipindi vyake kwa matayarisho, na zipo siku tano za mafunzo kwa mwaka, wanafunzi wakibaki nyumbani. Tanzania imechagua mafunzo endelevu yanayofanyika shuleni, MEWAKA, ambapo walimu hujifunza pamoja katika jumuiya zao. Nchini Kenya, Tume ya Kuwaajiri Walimu ilipozindua mafunzo ya lazima mwaka 2021, ilimtaka kila mwalimu ajilipie takriban shilingi 6,000 kwa mwaka. Vyama vya walimu vilipinga vikali, vikisema kuwa mwajiri anayedai ujuzi zaidi ndiye anayepaswa kuugharimia.

London nayo haijatulia. England hupoteza takriban theluthi moja ya walimu wake wapya katika miaka mitano ya kwanza. Tangu mwaka 2021 kila mwalimu mpya huandaliwa miaka miwili chini ya mlezi mzoefu, naye hupunguziwa vipindi. Walezi hao sasa wanalalamika kuwa wao ndio wasio na muda.