MASWALI YA KUCHAGUA KATIKA FIZIKIA



Wako wanafunzi wasemao kwamba maswali ya kuchagua ni mteremko, na wako walimu wasemao kwamba ni bahati nasibu tu. Mimi naona kosa si la maswali, bali ni la utungaji.

Kweli, asiyesoma kitu akipewa maswali 10 yenye majibu manne manne, kwa kubahatisha tu aweza kupata mawili au matatu. Lakini majibu ya uongo yakiwa ya kuchekesha, au jibu la kweli likiwa refu kuliko mengine, aweza kupata hata 8, na mzazi wake akafurahi bure.

Tutazame mfano. Jiwe laangushwa kutoka kimo cha mita 20. Litafika chini baada ya sekunde ngapi, tukihesabu mchapuko wa mvutano kuwa 10? Jibu ni sekunde 2. Lakini mwanafunzi asiyejua kanuni, akigawa 20 kwa 10, naye apata 2! Swali hilo limempa alama mjinga na mjuzi sawasawa. Sasa badili kimo kiwe mita 45. Jibu la kweli ni 3. Aliyegawa tu apata 4.5, aliyesahau kutafuta kipeuo cha pili apata 9, aliyesahau nusu iliyomo katika kanuni apata 2.1 hivi. Basi hayo ndiyo majibu matatu ya kuandikwa kando ya lile la kweli. Mwalimu akihesabu waliochagua 9, ajua mara moja la kufundisha kesho.

Njia hii si ngeni. Huko Marekani, David Hestenes na wenzake walitoa mwaka 1992 mtihani wa kuchagua juu ya nguvu na mwendo, ambao majibu yake ya uongo yalitokana na mawazo ya wanafunzi wenyewe.

Wako watakaosema kwamba huo ni mtego. Hasha! Mtego ni kuficha neno "si" katikati ya sentensi ndefu. Kumwekea mtu kosa lake mbele ya macho si kumtega, ni kumpima.

Kwa hiyo nawaomba walimu wetu, na sisi wanafunzi tunaotungiana maswali ya mazoezi, tusiandike jibu la uongo mpaka tujue ni kosa gani lingemfikisha mtu hapo. Likikosa sababu, na lifutwe. Afadhali maswali matano yaliyotungwa hivyo kuliko ishirini ya kubahatisha.

Mwanafunzi, Kidato cha IV